Mandolini Niliyoisifu Koboko

Zaituni alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu hapa Arua, siku ya Jumanne, jua bado la asubuhi, amebeba mgongoni kitu kilichofungwa kitenge kama mtoto mchanga. Nilimtambua kwa mwendo. Uso wa mtu unaondoka lakini mwendo unabaki, na yeye tangu usichana anatembea kama mtu aliyechelewa mahali. Driwaru, mke wa mwanangu, alimletea kiti na maji. Maji hakuyagusa. Alifungua kitenge juu ya meza ninayokatia mbao, akaiweka pale mandolini ya zamani, rangi ya asali iliyokolea, masikio yake manane ya kukazia nyuzi yote yapo, akasema, "Ezati, arobaini ya baba imepita. Sasa angalia hii kitu, uniambie kasoro yake." Hakusalimia. Salamu zilikuja baadaye, pamoja na pole za msiba, na habari za watoto, na nani amekufa na nani ameng'oka meno. Kwanza ilikuwa hiyo mandolini. Nami nilipoiona nilikaa chini, maana naijua. Niliwahi kuisifu, zamani sana, na katika maisha yangu sijamkosea mtu kwa sifa kama nilivyomkosea Zaituni siku ile.

Wewe unayesoma utashangaa mtu anakosewaje kwa kusifiwa. Ngoja nieleze. Kwa mafundi wa ala za muziki wa upande ule wa Koboko, wale wachache waliojifunza mmoja kwa mwingine, kulikuwa na sheria ambayo sijaiona kwa maseremala wala kwa washona viatu. Fundi akikuonyesha kazi yake, humwambii kwamba ni nzuri. Neno hilo ni la mteja, ni la mtoto, ni la mtu anayepita njia. Fundi mwenzako unamtafutia kasoro. Unaigonga kazi yake, unaisikiliza, unaitazama ndani na nje, kisha unaitaja kasoro moja tu, ile ya kweli, basi. Hiyo ndiyo heshima. Maana yake nimekaa na kazi yako mpaka ndani kabisa, na wewe ni mtu wa kuambiwa. Ukimwambia "mzuri," umemwambia aende akacheze na wenzake. Na sheria ilikuwa na miguu miwili mingine. Mmoja, kasoro haitajwi na mtu wa nyumba yako, lazima atoke fundi anayelala chini ya paa lingine. Wa pili, fundi anasema mara moja tu juu ya ala moja. Ukishasema, umeshasema. Mimi sheria hizi nilizijua zikiwa zimeshanipiga.

Mwaka wenyewe sikutajii namba, hesabu iliniacha darasa la tatu na sikuifuata. Ilikuwa kabla ya vita, kabla watu wetu hawajakimbilia Sudan na Kongo na magodoro kichwani. Nilikuwa na miaka kama ishirini, nywele zipo, meno yote yapo. Habari za baba na mama na nani alimzaa nani sitaziandika, kila mtu alizaliwa. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza adungu, kile kinubi cha kwetu: unachimba gogo, unafunika kwa ngozi ya ng'ombe, unafunga shingo iliyopinda, unavuta nyuzi. Nilikuwa najua kazi na nilikuwa najua kwamba najua, ugonjwa mbaya kwa kijana. Halafu nikaenda arusini Dranya. Rafiki yangu alikuwa anaoa, tumekaa chini ya maturubai, wali umechelewa, mara mtu mmoja akatoa kitu kidogo kama kata ya maji, akaanza kukikwaruza. Bwana. Adungu inaongea kama mzee aliyeshiba. Kile kitu kilikuwa kinaongea kama wasichana wanane wanaosengenya mtu mmoja. Wali ulikuja, sikula. Nikamfuata yule mpigaji mpaka chooni, nikamngoja nje, nikamuuliza imetengenezwa wapi. Akasema, "Koboko, kwa Mzee Rajabu. Wewe kwanza niache nifunge suruali."

Mzee Rajabu alikaa nyuma ya soko la Koboko, nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Mpaka leo nikifumba macho naingia mle. Dirisha moja, na chini ya dirisha benchi la mvule lililochimbika katikati kama mgongo wa punda. Sakafu ya udongo, lakini hukuuona udongo, ulikuwa unakanyaga maranda. Kwenye mti wa paa zilining'inia mandolini kwa kamba za katani, kichwa chini, saba au nane. Kulikuwa na harufu ya gundi ya ngozi ya ng'ombe inayochemka kwenye kopo, harufu mbaya ambayo ukiizoea unaitamani, na nyuma yake harufu ya kitunguu kutoka jikoni, maana jiko lilikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa pazia. Mzee mwenyewe alijifunza kazi Aba, ng'ambo kule Kongo, kwenye duka la Mgiriki mmoja aliyekuwa na mandolini ya kwao iliyopasuka. Mgiriki akamwambia tengeneza. Akaifungua, akaona vilivyo ndani, akaifunga, na tangu siku ile hakutengeneza kitu kingine. Nyuzi alikuwa anazitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, anaufumua mmoja mmoja. Uso wa ala, ule ubao wa juu unaoimba, alikuwa anaukata kwenye mbao laini za masanduku ya Mgiriki. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kikohozi. Kikohozi chake kilimtangulia kila mahali kama mtumishi. Ulikuwa ukisikia nje "kho, kho," unajua baada ya hatua sita mlango utafunguka.

Wengine mle ndani walikuwa wawili. Papa Alezo, Mkongo, fundi mnene mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, aliyefuatana na Mzee kutoka Aba na kuishi uani kwao miaka mingi. Na Zaituni, binti wa Mzee, umri wangu au kunizidi kidogo. Mama yake alikwishafariki, kwa hiyo Zaituni ndiye aliyekuwa anapika, anafua, anachemsha gundi, na mimi nilifikiri mambo yake yanaishia hapo. Nilifika kwa baiskeli kutoka Arua, vumbi mpaka kwenye kope, nikasema nataka kujifunza. Mzee akaniuliza, "Wewe natengeneza nini kwenu?" Nikasema adungu. Akasema, "Basi wewe iko fundi tayari. Mimi sifundishi fundi. Enda tengeneza mandolini yako, leta hapa, mimi taangalia." Kisha akamgeukia bintiye: "Zaituni, lete huyu chakula, mtu ya Arua iko na njaa hata akishiba." Tukala muhogo wa kusonga na angara, wale samaki wakavu wadogo, wamepikwa kwa simsim. Nakumbuka ule mchuzi kuliko ninavyokumbuka arusi yangu mwenyewe, na hilo mke wangu aliwahi kulisikia likaniletea shida, lakini hayo ni ya mahali pengine.

Mandolini yangu ya kwanza niliichimba kwenye gogo, kama adungu, nikaifunika uso kwa ngozi ya mbuzi. Ilikuwa nzito kama kinu. Nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikaenda nayo Koboko, njia yote mkono mmoja nyuma nimeishika. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaipiga mara moja, akanirudishia. "Iko mzuri," akasema. Papa Alezo akasema, "Muzuri, muzuri sana." Zaituni akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Mimi nilifikiri ni haya za kisichana. Nisikudanganye, nilirudi Arua nikiimba. Kila mtu niliyepishana naye njiani nilimsalimia mara mbili. Nikamwambia mwenye kibanda cha chai, nikamwambia kinyozi, nikamwambia padri, kwamba Mzee Rajabu wa Koboko ameipokea kazi yangu. Padri akasema Mungu asifiwe. Kila nikikumbuka ile siku, naona huruma kwa ile baiskeli, ilibeba mjinga na gogo.

Ya pili niliitengeneza kwa mbao, kuta nyembamba zilizopindwa kwa moto. Kupinda mbao nilijifundisha mwenyewe: unaweka makaa ndani ya bomba la chuma, unalowesha ubao, unaukandamiza juu ya bomba polepole mpaka unakubali. Nilivunja kumi na moja. Nikaenda Koboko mwezi wa mvua, gundi haitaki kukauka, ala zote wamezihamishia jikoni zining'inie karibu na moto. Kwa hiyo siku ile tulikaa jikoni, miguu yetu imezunguka meko, sufuria ya kunde inatokota. Mzee akaigonga yangu kwa kidole. "Iko mzuri," akasema. "Mzuri kabisa." Nikajaa kama chapati. Na mtu akijaa, anataka kugawa. Nikatazama ukutani, nikaona mandolini moja imetundikwa peke yake, mbali na nyingine, nyuma ya mlango pale panapowekwa ungo na mchi. Nikaishusha. Hakuna aliyenizuia. Bwana wangu, ilikuwa nyepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Uso wake ulikuwa umeparuliwa laini mpaka ukiuinamisha kwenye moto unaona mwanga umekaa juu yake kama mafuta. Kwenye tundu la kutolea sauti, pembeni kote, kulikuwa na mstari wa vipande vidogo vya mfupa, vimepangwa kama meno ya mtoto. Nikaipiga kidogo tu. Sikuisikiliza, nakiri leo, nilikuwa najisikiliza mimi. Nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Hii haina kasoro hata moja. Iko mzuri!"

Zaituni alikuwa ameshika birika anamimina chai. Akaliweka chini, polepole, bila kumaliza kikombe, akatoka nje kwenye mvua. Mzee akatazama moto. Papa Alezo akavua kofia yake, nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake, akasema, "Aa, kijana. Umeua mutu na mukono mutupu." Nikauliza nimefanya nini. Tukala kunde kimya, na chumvi haikutosha, na hata hilo hakuna aliyelisema.

Papa Alezo ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, mvua imepungua, anasukuma baiskeli yangu upande mmoja nami upande mwingine. Akanieleza yote. Kasoro, paa, neno moja. Nikasimama. "Kwa hiyo mimi, mara mbili, ameniambia mzuri..." "Njo hivyo," akasema, ndiyo hivyo ya kwao. "Ya kwanza, sisi tulicheka siku tatu. Ile haikuwa mandolini, ile ilikuwa mutumbwi. Ya pili, afadhali. Ya pili hatutacheka sana." Nikamuuliza, "Na ile ya ukutani?" Akageuza uso. "Ile uliza mwenyewe." Mimi nikadhani mwenyewe ni Mzee. Mandolini nzuri, nyumba ya Mzee, ingekuwa ya nani? Kosa la pili hilo, na ni kubwa kuliko la kwanza, maana la kwanza lilitoka kwenye kutojua sheria, la pili lilitoka kwenye kutotazama. Zile nyuso zote laini zilizoning'inia kule mbele, nilizokuwa nazitazama mpaka shingo inauma, nani alikuwa anaziparua? Mzee macho yake yalikwisha kuchoka. Vidole vya Zaituni vilikuwa na mikato midogo, yote upande mmoja, kama ya mtu anayeparua mbao kwa kipande cha chupa siku nzima. Niliiona hiyo mikato kila aliponipa sahani. Nikafikiri ni kisu cha vitunguu.

Wiki iliyofuata nikarudi kuomba radhi. Nilikuwa nimejipangia kasoro njia nzima. Nikamwambia Mzee, "Mzee wangu, nisamehe, sikujua. Ile mandolini yako ya jikoni, shingo yake imezidi urefu kidogo." Mzee akakohoa, akanitazama kama mtu anayetazama mvua inayonyesha wakati wa jua. "Kwanza," akasema, "hiyo kasoro wewe natengeneza kwa mdomo. Shingo iko sawa. Pili, ile si yangu." Akainua sauti kidogo kuelekea kwenye pazia. "Iko na mwenyewe." Na kwenye pazia akatokea Zaituni na kipande cha chupa mkononi na unga wa mbao kwenye nyusi. Ndipo nikajua. Alikuwa ameitengeneza peke yake, ya kwanza yake tangu ubao mpaka uzi, siku ambazo baba yake alikwenda sokoni, akaitundika jikoni bila kusema ni ya nani. Baba yake aliiona siku ya kwanza, Papa Alezo pia, lakini wao ni watu wa paa lake, hawana ruhusa. Walikuwa wanangoja aje fundi kutoka nje. Mafundi wa nje upande ule hawakuwa wengi. Walikuwa, tuseme, mmoja. Na huyo mmoja alikuja, akaishusha ukutani, akamwambia aende akacheze.

Nikasema, "Dada Zaituni, nipe niitazame tena." Akasema, "Umeshasema." Nikasema sikuwa najua. "Kujua ama kutojua," akasema, "neno limetoka. Baba, si sheria iko hivyo?" Mzee akakohoa. Nafikiri ile siku alitamani sheria ingekuwa ya mtu mwingine. "Iko hivyo," akasema. Zaituni akarudi nyuma ya pazia na ile mandolini ikaondoka ukutani, sikuiona tena mwaka wote.

Lakini hakuninyima mengine, na hili ndilo linanifanya niuite ule mwaka mwaka wangu. Nilikuwa nakwenda Koboko kila baada ya wiki mbili, nalala kwa binamu yangu karibu na msikiti, asubuhi naingia karakana. Mzee alishika neno lake, hakunifundisha. Zaituni ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa matusi. "Wewe naparua kama mtu anakuna upele. Vuta! Usisukume." Au, "Mtu ya Arua, hiyo mbavu ya ndani umeiacha nene kama mguu ya kitanda. Uso itaimba namna gani kama umeibebesha kitanda?" Mbavu ni vile vijiti vinavyobandikwa ndani, chini ya uso, kuushikilia usibonyee. Ukiviacha vinene, sauti inafungwa. Ukivipunguza mno, uso unazama siku nyuzi zinapokazwa. Yeye alikuwa anazipunguza mpaka anaweza kuzikunja kidogo kwa kidole gumba, kisha anafumba macho na kuugonga uso, anapunguza tena, anagonga tena. "Ngoja isikie njaa kidogo," alikuwa anasema. Sijapata fundi mwingine aliyenifundisha neno kama hilo, na nimekaa na mafundi wengi, wa Arua, wa Kongo, hata yule wa Omugo aliyekuwa anatengeneza magitaa ya mabati akiwa mkimbizi, na yale magitaa yalikuwa mazuri, mimi huwa sicheki bati.

Mchana tulikuwa tunakula pamoja wanne. Papa Alezo anasimulia uongo wa Aba, jinsi Mgiriki alivyoililia mandolini yake kama mke. Mzee anakohoa na kucheka kwa pamoja, kitu cha hatari. Zaituni ananiwekea angara wawili zaidi kisha ananiambia mimi ni mlafi. Nilimpenda? Sasa nina haki ya kusema kitu chochote, mke wangu amelala kaburini kule Logiri na hasomi. Nilipenda mikono yake ikifanya kazi. Nilipenda kumwona anainamisha uso wa mbao kwenye dirisha kutafuta mahali mwanga unapojikwaa. Kama hayo ni mapenzi, basi nilimpenda. Lakini alikuwa na mchumba, na mimi nilikuwa na deni la neno moja ambalo haliwezi kurudi mdomoni, na mtu hawezi kuposa akiwa na mfupa kooni.

Mandolini yangu ya nne niliileta mwisho wa mwaka, kiangazi kimeanza, majani yanachomwa na anga nyeupe kwa moshi. Mzee aliichukua akaenda nayo kwenye dirisha. Akaigonga. Akaipiga. Akaitia sikio kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Akaketi nayo mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimesimama, jasho linatiririka mgongoni. Hatimaye akasema, "Hiki kijiti kinachobeba nyuzi. Umekiweka karibu na tundu. Karibu kwa punje moja ya ulezi." Papa Alezo akapiga makofi. Mimi nikalia, sioni haya. Nikatafuta macho ya Zaituni. Alikuwa anatabasamu, ameegemea mlango, alifurahi kweli, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukuta pale palipokuwa na msumari mtupu. Mimi nilikuwa nimepata changu. Chake nilikuwa nacho mimi, na sikuweza kumpa.

Kisha akaolewa upande wa Yei, kisha vita, kisha kila mtu mahali pake. Nilisikia kwamba amerudi Koboko, kwamba anatengeneza, kwamba watu wanatoka mbali kuchukua mandolini zake. Mara mbili tatu nilitaka kwenda. Sikwenda. Mtu mzima anajua kutafuta sababu.

Basi Jumanne hiyo aliketi mbele yangu, mwanamke mzee, amefunga kichwa kitambaa cheupe cha msiba. Akasema, "Zote nilizotengeneza baadaye zimepata kasoro zao. Kutoka kwa watu ya Yei, ya Aru, ya wapi. Hii peke yake haina. Nimeibeba kwenda Sudan, nimeibeba kurudi. Sheria ilikuwa ya baba, mimi nimeiheshimu mpaka amelala. Sasa sema mara ya pili." Akanitazama vizuri. "Na usiniambie shingo."

Nikaichukua. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa kuliko siku ile ya dirisha. Niliogopa mambo mawili. Kwanza, kwamba nitatengeneza kasoro kwa mdomo, na yeye atajua. Pili, kwamba nilisema kweli bila kujua wakati ule, kwamba haina kasoro hata moja, na mama wa watu atapanda bodaboda arudi Koboko mikono mitupu. Nikaizungusha. Nje hapakuwa na kitu. Shingo sawa, vyuma vya shingoni sawa, kile kijiti cha nyuzi kimekaa mahali hasa kinapotakiwa, punje ya ulezi haikupungua wala haikuzidi. Saa ikapita. Zaituni alikunywa yale maji. Driwaru alipita na ndoo akatutazama, akapita tena na ndoo tupu. Nikaanza kuugonga uso kwa kidole, kidogo kidogo, kutoka nyuzi nyembamba kwenda nyuzi nene, nimefumba macho kama alivyonifundisha yeye. Tok, tok, tok. Na karibu na nyuzi nene, pahali pamoja, sauti ikakanyaga kitu. Nikagonga tena. Nikaleta kioo changu cha kunyolea na tochi ya simu, nikaingiza mwanga kwenye tundu, nikakiinamisha kioo. Mbavu zote nyembamba, safi, zina njaa. Isipokuwa ule wa pili.

Nikaiweka mezani. Nikasema, "Ubavu wa pili, upande wa nyuzi nene. Umeuacha mnene katikati. Patasi imefika pale ikasimama."

Zaituni aliweka kidole juu ya uso wa mandolini, mahali penyewe hasa, bila kutazama ndani.

"Nilisikia baba anakohoa," akasema. "Nje pale, kwa mlango. Nikafikiri anaingia ataniona. Nikabandika uso haraka." Kidole kilibaki palepale. "Hakuingia. Alisimama tu, akakohoa, akaenda zake. Mpaka amekufa hajaniambia kama siku ile alijua niko ndani."

Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anacheka, vyote pamoja, kama baba yake alivyokuwa anakohoa na kucheka. Driwaru akaja mbio kutoka jikoni, kijiko mkononi. "Baba! Umemwambia nini mgeni?"

"Nimemwambia ubavu wake wa pili ni mnene."

"Mtu ametoka kwenye msiba, na wewe unamtukana mwili!"

"Mwache, binti yangu," Zaituni akasema, anajifuta kwa ncha ya kitenge. "Mwache. Mimi nimengoja sana."

Nikampa patasi ndefu ninayotumia kufanyia kazi ndani, kama anataka kuupunguza hapohapo, kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye mkono kama wake. Aliishika, akaipima uzito, akaniambia imenolewa vibaya, akairudisha mezani. Kisha akaikalisha mandolini mapajani, akakaza masikio mawili, akapiga nyuzi nyembamba kwanza. Zilipiga kelele zao za wasichana. Akashuka kwenye nyuzi nene, na pale zikaitika chini kidogo, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Akainua kichwa. Nami nikainua changu. Akapiga tena palepale, kwa nguvu zaidi, tukausikia wote wawili ule ubavu.